UZI: Mama alipoacha kula. Kabla hujakimbilia duka la dawa kununua "dawa ya hamu ya kula", pita hapa kwanza

#1 Kihamba cha Juu (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu nimeupiga kalenda tangu Januari, ila jana kwenye daladala nimemsikia dada mmoja akimwelekeza mwenzake kwa simu: "Nenda duka la dawa, waambie wakupe ile ya hamu ya kula, bibi atakula mpaka sufuria." Nikasema basi, leo naandika.

Mimi ni wa Marangu, ila natafutia Dar. Desemba iliyopita nilipanda mlimani kama ilivyo ada yetu. Nilifika nyumbani saa tatu usiku, mama akatoka na kurunzi kunipokea. Nilipomkumbatia, mikono yangu ilikutana mgongoni kwake ikapitiliza. Mama yangu ana miaka 71 na hajawahi kuwa mwembamba hata siku moja. Huyu ni mtu wa kushusha mkungu wa ndizi kihambani na kuutua jikoni mwenyewe. Asubuhi yake nikaona kitenge alichovaa kinamzunguka mara mbili.

Usiku ule alikuwa amepika machalari. Akatupakulia wote, yeye akachukua kisahani cha chai, akaweka vipande viwili vya ndizi, akawa anavisukumasukuma na kijiko. Kimoja alikula. Cha pili alimtupia paka alipodhani nimeangalia pembeni.

"Mama, mbona huli?"

"Nimeshiba mwanangu, nilikuwa naonja jikoni."

Mliolelewa na mama wa aina hii mnalijua hilo jibu. Ndilo alilotupa tulipokuwa wadogo, nyama ikiwa haitoshi. Safari hii nyama ilikuwepo, sufuria nzima.

Baba alifariki mwezi wa sita mwaka huohuo. Kwa hiyo kila mtu kijijini alikuwa na jibu lake mkononi: huzuni. Na mimi nikalipokea.

Ngoja nichemshe chai, naendelea.

#2 Mzee wa Siti

Siti ya mbele nimeshawahi. Shusha nondo mkuu.

#3 Dada wa Temeke

Hapo kwa paka umenigusa. Wangu anawalishia kuku, halafu anarudisha sahani ikiwa safi kabisa unadhani kala.

#4 Kihamba cha Juu

Sasa kikao cha familia. Shangazi alisema moja kwa moja kwamba kuna mkono wa mtu. Kaka mkubwa akasema mama anadeka, anataka watoto turudi nyumbani. Mimi, na hili nalisema kwa aibu, moyoni nilimlaumu wifi yetu anayeishi naye. Nikajiambia pengine anampikia chakula cha hovyo. Kumbe wifi ndiye pekee aliyekuwa ameona tatizo tangu mwezi wa kumi, akapiga simu, tukamwambia "mpe muda, ni msiba".

Wifi wa watu, baada ya kukosa msaada wetu, alishaenda duka la dawa akapewa chupa ya sharubati. Ilikuwa haijafunguliwa. Tukaifungua siku ya pili ya Krismasi.

Siku ya kwanza mama alikula upawa mmoja na nusu wa uji, tukapiga makofi kama tumeona goli. Siku ya pili alilala mpaka saa sita mchana. Siku ya nne alimwita mdogo wangu kwa jina la marehemu baba, na mdomo ulikuwa umemkauka mpaka ulimi unagandia. Siku ya tano akawa anajishika chini ya kitovu, anasema mkojo hautoki. Usiku akaanguka njiani kwenda chooni. Mungu saidia hakuvunjika, alivimba kiwiko tu.

Hapo ndipo tuliwasha gari kwenda kituo cha afya.

#5 Mtu wa Kaunta

Naomba nichomekee hapa, maana hii kazi ndiyo inanilisha.

Hiyo sharubati kwa vyovyote ni saiproheptadini. Wateja wanaiita dawa ya hamu ya kula, ila kwa asili ni dawa ya mzio, ya kundi lile la zamani linaloleta usingizi. Kuongeza hamu ya kula ni moja ya mambo yanayotokea mtu akiitumia. Kijana mwenye afya atasinzia tu. Mzee ni habari nyingine: inakausha mdomo, inafunga choo na mkojo, inachanganya akili, inamwangusha. Yote aliyoyataja mleta uzi ni mambo yanayojulikana ya dawa hiyo kwa wazee. Hamkurogwa.

Na wanaoitumia ili "kujaza mwili", tena wanachanganya na deksamethasoni, nawaomba sana. Deksamethasoni ni steroidi. Ule uso kuvimba siyo afya. Inapandisha sukari na presha, inapunguza kinga, na ukiitumia muda mrefu halafu ukaikata ghafla mwili unaweza kuzimika kwa sababu tezi zako zimeshaacha kutengeneza steroidi ya mwili wenyewe. Mtu akija kwangu bila cheti namwambia haipo. Wananuna, wanakwenda duka la pili.

#6 Mzee wa Siti

Duh. Hiyo mchanganyiko mtaani kwetu wanauziana kama karanga.

#7 Kihamba cha Juu

Mtu wa Kaunta, ubarikiwe. Laiti tungekutana mapema.

Kituoni walimwekea mpira wa mkojo, akapata nafuu dakika hiyohiyo. Chupa ikaishia kwenye pipa. Lakini swali la kwa nini hali bado lilikuwa palepale, na hapa ndipo nimwelezee nesi mmoja, mama wa makamo, mwenye miwani imefungwa na uzi.

Kwanza aliomba daftari la kliniki ya sukari (mama ana sukari kwa miaka tisa sasa). Akalifungua akaanza kusoma uzito, mstari kwa mstari, kidole kinatembea. Mwezi wa sita, mwezi wa msiba wenyewe, kilo 61 na nusu. Mwezi wa nane, kilo 61. Siku ile, kilo 54.

Akatutazama juu ya miwani. "Mnasema ni huzuni. Mbona huzuni ilikuja mwezi wa sita na kilo hazikuondoka mpaka baada ya wa nane?"

Wote kimya. Kaka mkubwa akaangalia viatu.

Halafu akamgeukia mama. Hakumuuliza "unakula?", swali ambalo sisi tulimuuliza mara mia. Alimuuliza hivi: "Mama, kitunguu kikikaangwa jikoni, mate yanakujia?"

Mama akafikiri. "Yananijia. Njaa ninayo. Ila nikitia chakula mdomoni ni kama nalamba sarafu. Na huku juu panawaka moto."

Wakuu, mama yangu alikuwa na njaa. Miezi minne tunasema hana hamu, kumbe hamu ipo imekaa inasubiri.

#8 Dada wa Temeke

Aisee. Miezi minne.

#9 Kihamba cha Juu

"Huku juu" ni kaakaa. Mama ana meno ya bandia ya taya la juu, tulimnunulia sisi watoto miaka mitatu iliyopita. Nesi akamwomba ayavue. Mama akagoma mbele yetu, tukatolewa nje, nikabaki mlangoni. Nilichokiona: kaakaa jekundu kama nyama mbichi, na wekundu ule umeishia palepale ukingo wa bamba la meno ulipoishia, kama mtu aliyegongwa muhuri. Fangasi ya mdomoni. Nesi akaeleza kwamba kwa mwenye sukari asiyevua meno ya bandia usiku ni jambo la kawaida sana.

"Usiku unayavua?"

"Nivue? Mgeni akibisha je?"

Tangu msiba wageni walikuwa wanaingia saa zote, na mama hakutaka mtu amkute kibogoyo. Akayazoea kulala nayo. Na kwa nini hakusema yanamuuma? "Mlininunulia ninyi. Ningesemaje?"

Hilo la kwanza. La pili lilikuwa palepale kwenye daftari. Mwezi wa nane sukari ilisoma juu (msiba, soda za wageni, chai za kila saa), daktari akampandishia metfomini kutoka miligramu 500 mara mbili kwa siku hadi 1000 mara mbili. Metfomini ni dawa nzuri na ya siku nyingi, ila kwa baadhi ya watu inasumbua tumbo, inaleta kichefuchefu na ladha ya chuma mdomoni, hasa dozi ikipandishwa ghafla au ikimezwa bila chakula. Mama alikuwa hali asubuhi kwa sababu mdomo unawaka, anameza vidonge tumbo tupu, vidonge vinamchefua, mchana hali tena. Duara limefunga.

Daktari hakuridhika na hayo mawili. Alipima figo, akapiga picha ya kifua, akapima VVU, wingi wa damu na tezi ya shingo. Alisema mzee akipungua hivyo usifurahie jibu la kwanza ulilolipata. Majibu yalitoka salama, kasoro damu ilikuwa chini kidogo. Dozi ikapunguzwa, akaandikiwa matone ya nistatini, dawa ya fangasi, ayazungushe mdomoni mara nne kwa siku wiki mbili, na meno yalale kwenye kikombe cha maji.

#10 Mjuaji Kiasi

Hadithi nzuri ila ndefu. Mbona dawa ni rahisi, chemsha mlonge, tangawizi, limao na kitunguu saumu, kikombe asubuhi. Bibi yangu alikula mpaka akafika miaka 90.

#11 Nesi wa Zamu

Mjuaji Kiasi, tangawizi siipingi, inatuliza kichefuchefu, hata wajawazito tunawaambia. Lakini fikiria hilo limao lako kwenye kaakaa alilolieleza mleta uzi. Ungemsikia huyo mama mpaka Himo.

Tatizo la "mchanganyiko wa hamu" ni lilelile la sharubati. Kukosa hamu siyo ugonjwa, ni kengele. Wewe unatafuta pamba ya kuziba masikio.

Na niongeze jambo la hatari ambalo mleta uzi hakulifikia. Metfomini peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Lakini mgonjwa wa sukari anayetumia insulini, au vidonge kama glibenklamidi, akiacha kula huku anaendelea na dozi ileile, sukari inaweza kudondoka: jasho la baridi, kutetemeka, kuchanganyikiwa, kuzimia. Wengine wanaletwa ndugu wanasema ni pepo. Mpe kitu cha sukari kama bado anaweza kumeza, mkimbize, na siku hiyohiyo dozi ijadiliwe na daktari. Msizikate dawa wenyewe, na msiendelee nazo kama vile anakula.

#12 Mama Wawili

Nesi wa Zamu usiondoke. Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi minane, hali kabisa. Vijiko vitatu anafunga mdomo. Alipokuwa na miezi kumi alikuwa anamaliza bakuli. Mama mkwe anasema nimemharibu.

#13 Nesi wa Zamu

Hujamharibu. Mwaka wa kwanza mtoto anakua kwa kasi ya ajabu, uzito wa kuzaliwa unafika mara tatu hivi. Baada ya hapo kasi inapungua, na hamu inapungua nayo. Sasa niambie ukweli: kati ya asubuhi na mchana anapata nini? Juisi? Biskuti? Chai ya maziwa? Kunyonya kila akilia? Tumbo la mtoto wa umri huo ni dogo. Kikombe cha juisi saa tano kimeshamaliza kazi ya ubwabwa wa saa saba.

Usimkabe. Yule anayelazwa chali na kumiminiwa uji anajifunza kukichukia kijiko, na uji unaweza kuingia kwenye mapafu.

Ila mpeleke akapimwe uzito na mkono, ule mkanda wa rangi. Kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, hapo ni utapiamlo mkali. 11.5 mpaka 12.5 ni njano. Akiwa kijani, anacheza, na uzito kwenye kadi unapanda, tulia. Akiwa na homa, anaharisha, amepauka, au mstari wa kadi umelala, hapo siyo deko. Uliza pia mara ya mwisho alipata lini dawa ya minyoo.

Kitu ambacho wengi hawajui: mtoto mwenye utapiamlo mkali akiletwa, moja ya vipimo vya kwanza ni hamu yenyewe. Anapewa chakula dawa, kile cha karanga kwenye pakiti, pakiti moja kilokalori 500, tunamwangalia akila. Akila vizuri na hana dalili nyingine za hatari, anatibiwa akitokea nyumbani. Akikataa, analazwa. Kukataa kwenyewe ni dalili kwamba ndani kuna kitu kikubwa.

#14 Mama Wawili

Juisi na biskuti... nimejiona. Ahsante dada.

#15 Mwana wa Meru

Nilikuwa napita kimya ila ngoja niandike.

Baba yangu alianza kukataa ugali. Akasema umezeeka mdomoni, mtu akampikia wali. Baada ya mwezi mmoja wali nao ukawa "mkavu", akawa anakunywa mchuzi. Tukasema mzee amekosa hamu. Halafu uji. Halafu chai tu, na hiyo chai anainywa anasimama, anajinyoosha kifua ishuke. Tulikuwa tunamnunulia vitamini.

Siku moja niliketi naye nikamwona anavyomeza. Alitafuna vizuri, akameza, akasubiri, macho yakamtoka, akatema kwenye leso. Hamu alikuwa nayo kama mama wa mleta uzi. Njia ndiyo ilikuwa imefungwa. Tukampeleka akapitishiwa kamera, ilikuwa saratani ya koo la chakula. Tukashuka naye Dar, hospitali ya saratani ya Ocean Road. Tulikuwa tumechelewa.

Daktari alituambia ukanda huu wetu, kuanzia Ethiopia na Kenya kushuka mpaka kusini mwa Afrika, ugonjwa huu ni mwingi. Kuhusu chai ya moto sana: mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliviweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 kwenye kundi la vinavyoelekea kusababisha saratani hiyo. Baba alikuwa anajisifu anakunywa ikiwa inatokota.

Mpangilio muukumbuke: kigumu kwanza, kisha laini, kisha majimaji. Ukiuona, usingoje wiki.

#16 Kihamba cha Juu

Mwana wa Meru, pole sana ndugu yangu. Pumzika mzee.

Hicho alichosema ndicho nilichotaka kukifikia. Tunatumia neno moja, "hamu", kwa vitu ambavyo havina undugu. Kuna asiyesikia njaa kabisa. Kuna mwenye njaa ila mdomo unauma. Kuna anayetafuna ila hamezi. Kuna anayeshiba kwa matonge mawili, huyo mwangalie tumbo, ini, au choo kama kimefunga siku nyingi. Kila mmoja anakwenda mlango wake, na sharubati haiko kwenye mlango wowote kati ya hiyo mpaka daktari aseme.

Kwa wapenda sayansi: tumbo likiwa tupu linatoa homoni inaitwa ghrelini, Wajapani waliigundua 1999, ndiyo inayokwenda kuugongea ubongo mlango. Mafuta ya mwili nayo yanatoa leptini, ya 1994, inayosema ghala limejaa. Ukipata maambukizi, askari wa kinga wanamwaga kemikali zinazouambia ubongo weka sahani pembeni. Ndiyo maana malaria ya siku tatu inakutoa kwenye chakula halafu unarudi unafagia. Hiyo haina shida. Shida ni pale kemikali hizo zinapomwagwa wiki baada ya wiki na wewe hujui adui yuko wapi.

#17 Nesi wa Zamu

Na adui huyo kwetu mara nyingi ni kifua kikuu. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho la usiku la kulowesha shuka, homa za jioni, kupungua, kukosa hamu. Kwa wazee na wenye VVU kikohozi kinaweza kuwa kidogo sana, hamu na uzito vikatangulia. Kupima na dawa ni bure vituo vya serikali, matibabu ya kawaida ni miezi sita.

Kipimo cha nyumbani kama huna mzani: tundu la mkanda, pete inayozunguka kidoleni, kitenge. Ukiwa na mzani, mtu wa kilo 60 akipoteza kilo tatu ndani ya nusu mwaka bila kukusudia, inatosha kumpeleka. Usingoje saba.

#18 Geto Namba 7

Samahani kuingilia mada ya wazee. Mimi nina miaka 29. Tangu nipunguzwe kazini mwezi wa tatu sili. Siyo kwamba sina hela ya chipsi, ninayo. Nikinunua naiangalia tu inapoa. Nalala saa kumi alfajiri. Nimepima malaria, taifodi, vidonda vya tumbo, vyote hamna. Washkaji wanasema nimepatikana na demu.

#19 Nesi wa Zamu

Geto, kaa hapa. Usingizi umekukimbia, chakula hakina maana. Na vile ulivyokuwa unavipenda, mpira, muziki, bado unavipenda? Kama jibu ni hapana na imepita zaidi ya wiki mbili, hiyo inaitwa sonona. Ni ugonjwa kama ulivyo huo wa vidonda, na unatibika kwa mazungumzo, kwa dawa, au vyote. Hospitali ya mkoa au ya rufaa ukiwaambia mapokezi unataka kliniki ya afya ya akili wanakuelekeza. Ukipata mawazo ya kujidhuru usingoje kliniki, nenda dharura usiku huohuo, au mwamshe mtu. Nimekutumia ujumbe pembeni.

#20 Mzee wa Siti

Geto uko wapi? Kama ni Dar, mimi Jumamosi nakula kwa mama ntilie mmoja Buguruni, makange yake siyo ya dunia hii. Njoo tukae tu, usipokula nitakula yako.

#21 Geto Namba 7

Niko Tabata. Nitakuja.

#22 Dada wa Temeke

Mleta uzi, malizia basi. Mama alikula nini akarudi?

#23 Kihamba cha Juu

Nakuja huko. Wiki ya kwanza hatukuhangaika na wingi wala na "uji wa lishe" wenye nafaka kumi na nne (siku nyingine tutauzungumzia huo, nafaka kumi na nne ni unga tu uliochoka). Tulihangaika na mdomo. Chakula vuguvugu, laini, hakina pilipili wala ndimu. Kijiko cha chuma tukakificha, tukampa cha mbao, maana ile ladha ya sarafu ilikuwa inazidi akigusa chuma. Nilidhani ni imani tu, nesi akasema hata wagonjwa wa saratani wanashauriwa hivyo.

Kwa kuwa ana sukari, kumjaza soda na uji wa sukari isingekuwa akili. Tulificha nguvu kwenye mafuta na protini. Mtori wa ndizi na nyama ya mfupa, umesongwa mpaka ukawa laini, wifi anapigia yai moja ndani ukiwa bado jikoni. Uji wa ulezi usio na sukari, vijiko viwili vya siagi ya karanga. Parachichi, maana kihambani yanaoza tu. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ni kama kilokalori 120 na hakijazi tumbo. Bakuli lilikuwa lilelile dogo, ila lililokuwemo siyo lile la zamani. Mara tano au sita kwa siku. Maji baada ya kula, siyo kabla.

Sahani kubwa tulizitoa mezani. Mzee akiona mlima wa chakula anashiba kwa macho.

Na sasa huzuni. Sitaki mseme nimesema huzuni haikuwepo. Mdomo ulipopona, siku ya kumi hivi, mama alikuwa anaweza kula na anasikia ladha, lakini alikuwa anakula nusu. Wifi ndiye aliyeona. Kwa miaka 48 mama alimpakulia baba kwanza, akaketi, baba akaonja, akasema "aika" (ahsante kwa Kichaga), ndipo yeye akaanza. Sasa anapakua, anakaa, hakuna anayesema kitu. Mkono hauanzi.

Hatukumpa ushauri nasaha. Wifi alimwomba mjukuu wa jirani, mtoto wa darasa la pili, awe anafanyia kazi zake za shule kwa bibi jioni, na bibi amlishe. Mtoto huyo anakula kama mashine ya kusaga na anaongea mdomo umejaa. Mama hawezi kumwacha mtoto ale peke yake, kwake ni aibu. Akaanza kupakua sahani mbili. Mimi nikawa napiga simu ya video saa moja na nusu usiku, naweka simu kwenye kikombe, tunakula wote, yeye Marangu mimi Mbagala. Kuna siku hatuongei kitu, tunatafuna tu.

Wifi nimemwomba msamaha. Alinitazama akasema, "Leta mafuta ya kupikia, yameisha."

#24 Mtu wa Kaunta

Wifi apewe ng'ombe.

#25 Mjuaji Kiasi

Nimesoma wote. Bibi nimemwangalia mdomoni leo. Jino moja limeoza mpaka kwenye fizi, na hakuwahi kusema. Kesho tunakwenda.

#26 Nesi wa Zamu

Mjuaji sasa umepanda cheo. Mpe chai ya uvuguvugu kesho, siyo tangawizi na limao.

#27 Dada wa Temeke

Mleta uzi, kilo ngapi sasa?

#28 Kihamba cha Juu

Mwezi wa pili 55 na nusu. Mwezi wa nne 58, na sukari iko mahali pake. Mwezi huu hatujui. Wifi alimpandishia mzani sebuleni, mama akaukwepa akaenda zake nje, akasema yeye siyo ndama wa kupimwa kila Jumamosi. Halafu akarudi kuuliza nani kaweka chumvi nyingi kwenye kiburu.